Nanga Hutiwa kwa Maji Yajayo

Katika delta ya Rufiji maji hayaendi upande mmoja. Yanajaa kwa takriban saa sita, yanasimama kidogo, yanapwa kwa takriban saa sita nyingine, na kabla siku haijaisha yamerudia safari yote. Mtu aliyezoea maji ya ziwa, akitia nanga Msala au Kiomboni kwa mazoea yake, atalala gubeti likitazama baharini na kuamka likitazama bara, pengine tezi ikiwa imeingia kwenye mizizi ya mikoko. Hakuna aliyekisukuma chombo chake. Maji yaligeuka, chombo kikageuka nayo, na nanga iliyoshika vizuri jioni ikavutwa kwa upande ambao haikutayarishwa kuvutwa.

Ndiyo maana nawahesabu watu wanaotia nanga vizuri katika delta hii kuwa mafundi wa daraja la juu, juu hata ya wale wanaosifiwa kwa kuendesha chombo. Ukiwa safarini, kosa dogo husahihishwa papo hapo, kwani usukani uko mkononi. Nanga haina usukani. Ikishafika chini huioni tena, na yale uliyoyaamua wakati wa kuishusha ndiyo yatakayokulinda usingizini, maji yakiwa na kina kingine, kasi nyingine na mwelekeo mwingine. Fundi wa delta huyatazama maji yaliyopo ili tu ajue yatakayokuja yatakuwaje, kisha hutia nanga kwa ajili ya hayo yajayo.

Vyombo vinavyolala humu ni vya kila namna: mashua za wavuvi wa kamba wanaongoja alfajiri, majahazi ya mizigo, boti za injini zinazotoka Nyamisati, wilayani Kibiti, kwenda Mafia, na mitumbwi isiyohitaji zaidi ya kigingi. Vingi hulala kwa kulazimika. Milangoni mwa delta, kuanzia Kikunja na Simba Uranga upande wa kaskazini hadi midomo ya kusini, mto umelundika mafungu ya mchanga ambayo chombo chenye mzigo hakiwezi kuyavuka ila maji yakiwa makubwa. Aliyechelewa hungoja maji mengine. Nyuma ya mafungu hayo uko msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa mikoko ulioshikamana katika Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Watu wa uhifadhi hulisifu kwa ndege, samaki na mikoko yake. Nahodha analijua kwa kingo zake, zinazofanana mkono baada ya mkono, na kwa chini yake, isiyofanana hata kidogo.

Kazi huanza na upondo. Mti huo mrefu, wa kusukumia chombo kwenye maji madogo, ndio unaoonja chini. Ukikwaruza, hapo pana mchanga. Ukizama polepole na kugoma kutoka, hapo pana tope zito, na tope zito ni rafiki. Ukizama mkono mzima bila kukutana na kitu chochote cha kuuzuia, hilo ni tope jepesi ambalo mto umelileta majuzi, na nanga itapita ndani yake bila kushika. Ukigonga kitu kinachojibu kwa sauti ya mti, hama. Kuna gogo lililoteremshwa na mafuriko, na nanga itakayolikumbatia gogo hilo huenda isirudi. Ncha ya upondo nayo husoma: ikitoka imeng'aa, imesuguliwa na mchanga, ikitoka na tope jeusi lenye harufu ya yai viza, uko ndani kabisa ya mikoko. Maji yakizidi urefu wa upondo, hutumika bildi, kipande cha risasi kwenye uzi uliopigwa alama kwa pima. Mabaharia wa zamani wa nchi nyingi walikipaka mafuta mazito kitako cha bildi ili kiokote chembe za chini na kuzileta juu.

Kinachonipendeza katika hatua hii ni kutokuwa na haraka. Fundi hachomi upondo mahali nanga itakapoangukia tu. Huchoma mbele, nyuma na pembeni, kwa kuwa anajua chombo kitatembea. Mahali anapopachunguza ni uwanja mzima ambao chombo kitauzunguka mpaka asubuhi, na katika uwanja huo hatakiwi kuwepo kisiki, fungu, wala chombo cha mtu mwingine kilichofungwa kwa kamba ndefu zaidi.

Nanga iliyozoeleka katika pwani yetu ni ya makucha manne. Zamani ilifuliwa na wahunzi. Siku hizi fundi wa kuchomelea hukunja nondo nne, akazishikisha kwenye bomba au nondo nene, akaweka pete juu, na kazi imekwisha. Ina sifa zake. Ianguke ianguavyo, makucha mawili hugusa chini. Kwenye mwamba haina mshindani, na kwenye matumbawe hushika kupita kiasi: huyavunja. Upande wa pili wa mkondo wa bahari ulio mbele ya delta, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ni uungwana na ni busara kujifunga kwenye boya palipo na boya, nanga ikabaki chomboni.

Katika tope la Rufiji nanga hiyo ina kasoro. Ukucha wa nondo ni mwembamba, nao hupita kwenye tope laini kama uma kwenye uji. Dawa ni upana. Kipande cha bamba kikichomelewa kwenye kila ukucha, hata cha upana wa kiganja, tope hupata kitu cha kukizuia. Jambo hili liliwashughulisha hata wanasayansi. Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge aliyependa kusafiri kwa mashua yake, alibuni nanga yenye umbo la plau la kulimia, ambayo kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojichimbia. Miaka michache baadaye Mmarekani Richard Danforth alitengeneza nanga ya mabamba mawili mapana, nayo ikatumika kwenye vyombo vya kushushia askari pwani katika Vita Kuu ya Pili. Walichokitafuta wote wawili ni nanga nyepesi inayoshika kuliko nzito. Waliochonga nanga za mawe zinazookotwa leo katika pwani za Oman na India walikwisha kuwa katika njia hiyo: chini ya jiwe walitoboa matundu ya kupitishia makucha ya miti, maana jiwe tupu likivutwa huteleza.

Hata hivyo, kati ya nanga na kamba, mimi nitaikagua kamba kwanza. Nanga nzuri yenye kamba fupi ni chuma kilichoning'inizwa.

Sababu iko kwenye pembe ya mvuto. Kamba ikivuta kwa ulalo, karibu sambamba na chini, makucha huzama zaidi kila yanapovutwa. Ikivuta kwa kwenda juu, huyang'oa yale yale iliyoyazamisha. Urefu wa kamba ndio unaoamua ivute vipi, na urefu huo hupimwa kwa kina. Mabaharia wengi huchukua kamba mara tano ya kina katika hali tulivu, mara saba na zaidi upepo ukiwa mkali. Tatizo la delta ni hilo neno kina. Kina cha saa ngapi?

Tuseme umefika maji yamepwa, upondo unaonyesha mita 2, na gubeti liko mita 1 juu ya maji. Ukizidisha mita hizo 3 mara tano unapata mita 15, na kwenye hori tulivu kamba hiyo inaonekana ndefu mno. Kisha maji ya bamvua yanaingia, yanapanda mita 3. Sasa kutoka gubetini hadi chini ni mita 6, na kamba yako imekuwa mara mbili na nusu tu ya kina. Inavuta juu. Anayeijua kazi huanza hesabu na zile 6: mara tano ni mita 30, na usiku wa upepo mara saba ni mita 42, yaani pima 23 hivi. Hatumii karatasi. Anajua tarehe ya mwezi, na tarehe ya mwezi inamwambia mengine yote. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa karibu na saa nne. Kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndani ya vijito huchelewa zaidi, na kila kijito kina uchelewaji wake, ambao hufundishwa na kijito chenyewe. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa hupungua, mikondo nayo hulegea, na hapo hata mzembe hulala salama.

Upepo nao una hesabu yake, na ni hesabu katili. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokisukuma chombo huongezeka mara nne. Kwa hiyo nahodha akisikia kusi limeanza kuvuma juu ya mikoko hangoji liwe kali. Huachia kamba zaidi mapema, nanga ikiwa bado imeshika. Kuna wanaofanya kinyume: chombo kikianza kuyumba, huivuta kamba wakidhani wanakisogeza karibu na usalama. Wanafupisha kamba, wanainua pembe, na nanga inatoka.

Zamani amari, yaani kamba za nanga, zilisokotwa kwa usumba wa makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani mpaka nyama ya kumbi ikaoza. Leo kilichoenea ni manila ya plastiki. Ni rahisi kununua na haiozi. Ila huelea, nami sijui kwa nini wauza kamba hawalisemi hilo kwa mnunuzi. Kamba inayoelea humfanyia mtu mabaya mawili kwa mpigo. Kwanza hubaki juu ya maji, boti ya injini ikipita inaikata kwa rafadha. Pili huivuta nanga kutoka juu badala ya kutoka chini. Kwa sababu hiyo mafundi huweka mnyororo wa mita chache kati ya nanga na kamba, ili uzito wake uilaze kamba na kuyapa makucha mvuto wa chini. Asiye na mnyororo hufunga jiwe kwenye kamba, hatua kadhaa kabla ya nanga. Jiwe hilo hufanya kazi nyingine pia: chombo kinapovutwa ghafla na wimbi, jiwe huinuka kwanza, na mshtuko unaishia hapo kabla ya kufika kwenye makucha. Huko juu, kamba inapopita kwenye ubao wa gubeti, huviringishiwa gunia au tambara. Usiku mmoja wa kusuguliwa unatosha kuimaliza kamba mpya.

Kushusha nanga kwenyewe kunachukua dakika chache, na ndipo anayetazama anapomtambua mgeni. Mgeni huirusha. Anaizungusha, anaitupa mbali, maji yanaruka, kamba inaangukia juu ya nanga na kujizungusha kwenye makucha. Mwenyeji hukielekeza chombo kwenye kile chenye nguvu zaidi wakati huo, mkondo au upepo, na ndani ya delta mara nyingi ni mkondo. Tanga limekwisha kushuka, au injini imepunguzwa. Anangoja chombo kisimame kabisa. Kinapoanza kurudi nyuma chenyewe ndipo anaishusha nanga kwa mkono, taratibu, mpaka ahisi imegusa. Kisha anaachia kamba kadiri chombo kinavyorudi, ili ijilaze chini kwa mstari mmoja. Ikifika nusu ya urefu anaishika kidogo, makucha yapate kuuma. Anaachia tena. Mwishoni anaizungusha kwenye nguzo na kukiacha chombo kijaribu nguvu zake.

Halafu anaweka kiganja juu ya kamba. Kamba ya nanga inayokokota hutetemeka, kwa kukwaruzwa na chini inayopita, kisha hukaza, hulegea na kukaza tena. Kamba ya nanga iliyoshika hukaza na kutulia. Huu ndio mtihani wenyewe, na mkono huujibu kabla ya jicho. Jicho linakuja baadaye kuhakikisha: anachagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, labda mchu mrefu ulio ukingoni na paa la kibanda nyuma yake, halafu jozi nyingine ubavuni. Vikibaki vimepangana, chombo hakijahama. Vikianza kuachana, kinahama, na yeye anajua kinahamia upande gani. Usiku hutumia taa za kijijini, na pasipo taa, vilele vya mikoko dhidi ya anga.

Yote hayo ni maandalizi ya saa moja: ile ya maji kugeuka.

Maji yakisimama, chombo hakivutwi na kitu. Kamba hulegea na kulala chini ovyo, karibu na nanga au juu yake. Kisha mkondo mpya unaanza, dhaifu, kutoka upande wa pili. Chombo kinakwenda polepole juu ya nanga yake chenyewe, kinapita, kinaivuta kwa mgongo. Nanga ya makucha manne hapo ina njia tatu. Inaweza kuviringika na kuuma upya kwa makucha mengine, na hiyo ndiyo bahati. Inaweza kung'oka na kutoshika tena kwa kuwa imejaa donge la tope. Au kamba inaweza kuwa imezunguka ukucha uliosimama juu, na sasa inaivuta nanga kwa kichwa, makucha yakitazama nyuma, isishike hata mchanga mzuri kuliko yote. Hii ya tatu ndiyo inayowapeleka watu kwenye mikoko. Jioni waliijaribu nanga wakaiona imara, na walikuwa na haki kuiona hivyo. Jaribio lao lilikuwa la mkondo ule mmoja.

Jibu la delta ni nanga mbili. Ya kwanza hutiwa upande wa juu, mto unakotoka. Kisha kamba huachiwa kwa urefu maradufu, chombo kinateremka, ya pili inatiwa upande wa bahari, na kamba ya kwanza inavutwa mpaka chombo kikae katikati ya nanga zote mbili. Kamba zote hufungwa gubetini. Maji yakipwa, chombo kinategemea nanga ya juu. Yakijaa, kinategemea ya chini. Kila nanga huvutwa kwa upande ule ule iliozamishiwa. Chombo kinageuka pale pale kilipo, bila kuchukua uwanja wa kijito. Taabu yake ni kwamba chombo kikizunguka upande mmoja mara kadhaa, kamba hujisokota. Basi asubuhi mtu anazisokotoa huku akinung'unika, na hicho ndicho kiingilio cha usingizi wa usiku.

Wapo wanaofunga moja omoni na nyingine tezini. Chombo hakigeuki kabisa. Kwa kazi ya saa chache, kama kushusha mzigo, ni njia nzuri. Kwa kulala ni hatari, maana upepo wa ubavuni hukikuta kimefungwa ncha zote mbili, hakina pa kuukwepea. Njia hiyo iliwahi kutumika Rufiji kwa shughuli kubwa kuliko mizigo. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa, kisha ikajificha ndani ya delta ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa uchache wa maji. Waingereza walijaribu kuifungia humo kwa kuzamisha meli ya Newbridge kwenye mlango mmojawapo mwezi Novemba. Hatimaye Julai 6, 1915 walipeleka vyombo viwili visivyozama kina kirefu, Severn na Mersey, vilivyojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Vilipofika ndani vilitia nanga omo na tezi, kwa sababu mzinga hauwezi kulenga shabaha isiyoonekana huku mkondo ukikigeuza chombo. Mersey ikapigwa, vyombo vikalazimika kuhama. Wakarudi Julai 11, na siku hiyo Königsberg ikateketea, wenyewe Wajerumani wakiimalizia. Vitabu vya vita husimulia mizinga na ndege zilizotumika kuelekeza shabaha. Sioni vikisimulia waliotia zile nanga, huku maji ya Rufiji yakienda na risasi zikija.

Kwenye vijito vyembamba kuna msaada mwingine: mti. Tezi hufungwa kwa kamba kwenye mkoko mnene na chombo kinabaki na nanga moja tu upande wa pili. Hapa makosa huwa ya urefu tena. Kamba iliyofungwa kwa kukaza maji yakiwa makubwa itakuta maji yameshuka mita 3, chombo kimebaki kinaning'inia kwa tezi, mizigo inaporomoka. Kwa hiyo hufungwa chini ya mti, tena kwa ulegevu wa makusudi. Mti wenyewe huchaguliwa: mkoko ulio hai, wenye mizizi mingi, usioegemea maji. Ule ulio ukingoni kabisa, ambao mto umekwisha kuuchimbua miguuni, utakuja na wewe.

Anayelala kwenye maji madogo lazima ajiulize pia kama atapwelewa. Kupwelewa si balaa kwa anayekukusudia. Wengi hukileta chombo kwenye tope lililo sawa, wakakiacha kikae, wakatumia saa hizo kukwangua chaza, kutia kalafati kwenye mianya na kupaka deheni. Balaa ni kupwelewa mahali usipopachagua: kwenye mteremko, chombo kikalala upande unaotazama chini, na maji yarudipo yakaingia ndani kabla hakijainuka. Ndiyo maana ule upondo ulichomwa mbele, nyuma na pembeni.

Asubuhi nanga hung'olewa, na hapa kazi yote hurudi kinyumenyume. Chombo huvutwa mpaka kiwe juu ya nanga, kamba ikawa wima, na mvuto wa juu uliogopwa usiku kucha sasa unatakiwa. Ikigoma, fundi hajivunji mgongo. Anaifunga kamba fupi maji yakiwa yamepwa, anakaa, anakunywa chai. Maji yakijaa yanainua chombo, chombo kinainua nanga. Mmoja hubaki karibu na fundo akiwa na panga, maana nanga ikikataa kabisa, gubeti la chombo kidogo linaweza kuzamishwa na maji yale yale. Kuna pia chelezo: kamba nyembamba iliyofungwa kwenye kitako cha nanga tangu jioni, ncha yake ya juu ikiwa na dumu tupu linaloelea. Ukivuta chelezo, makucha hutoka kwa nyuma, njia yaliyoingilia. Mahali pengine watu hupiga mbizi kuinasua nanga. Rufiji ina mamba na ina viboko. Wanaotaka nanga zao hufunga chelezo.

Ufundi huu haujifunzwi mara moja ukaisha, kwa kuwa delta nayo haitulii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, na vijito vya kusini vikabaki na maji ya chumvi zaidi. Masika mto ukifurika, mkondo wa kupwa hupata nguvu maradufu na ule wa kujaa hushindwa; sehemu za juu chombo hakigeuki hata kidogo, huelekea bara siku nzima, huku magogo na vichaka vya nyasi vikiteremka na kujibandika kwenye kamba ya nanga mpaka viitoe. Hapo zamu ya usiku huwa ya mtu mwenye upondo mkononi, akivisukuma kimoja kimoja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na vijiji vya Rufiji na Kibiti, na Mei 4 mwaka huo huo Kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Juu ya mto, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na bwawa hukamata mchanga na tope ambalo zamani lilifika mpaka hapa. Mafungu yatabadilika na chini itabadilika. Anayetumia ramani ya babu yake aichome upya kwa upondo.

Wenye vyombo nina neno nao. Pesa mnayoiongeza kwenye nguvu za injini, tengeni sehemu yake kwa nanga ya pili, mnyororo wa mita chache na kamba inayozama. Injini ikizimika mlangoni mwa Simba Uranga upepo ukivuma kuelekea fungu, mtakachobaki nacho ni hicho. Na wewe abiria, ukishuka gatini Nyamisati kupanda boti, kabla hujaulizia spidi yake tupa jicho gubetini. Nanga iwe imefungwa tayari kwenye kamba, kamba iwe imepangwa vizuri bila mafundo, na iwe ndefu. Ukiona nanga iko chini ya mizigo, au kamba yake ni ya pima tano, ngoja boti nyingine.